Mtoto wa mbwa anavuruga nyumba? Kabla ya yote, hesabu saa anazolala

#1 Mwenye uzi

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Simba amelala ubavuni pangu, kidevu kakilaza juu ya kamba aliyokuwa akiitafuna mpaka usingizi ukamkuta katikati ya kazi. Ana wiki 15 sasa. Mwezi uliopita, saa kama hii, nilikuwa nimeshaanza kuuliza jirani kama angependa kumchukua. Nimeona niandike kwa sababu najua kuna mtu humu yuko pale nilipokuwa, na anadhani kapewa mbwa mbaya.

Tulimleta nyumbani akiwa na wiki 9. Siku mbili za mwanzo alikuwa mpole kabisa. Siku ya tatu akaanza. Kamba ya ndala, chali. Mto wa kochi, pamba nje. Zulia la mlangoni akalikokota mpaka jikoni. Akigundua kitu kinaning'inia, iwe pazia, pindo la gauni au waya wa chaja, anakivuta kwa mwili mzima, miguu ya nyuma kaikita chini. Mabaya zaidi yalikuwa jioni. Kuanzia saa 12 hivi anapandwa na kitu: masikio nyuma, mkia kaubana, anazunguka meza kama ametupwa kwa manati, kila akipita karibu na mguu anang'ata.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: mchoshe. Mbwa akichoka hutulia. Basi nikamchosha. Mpira asubuhi, mpira mchana, kukimbizana jioni, na watoto wakamdaka kila alipojaribu kujilaza, wakidhani wanasaidia. Akazidi.

Nikachukua daftari. Nilipiga mistari mitatu tu: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kafanya fujo gani. Siku 5. Nilipojumlisha nikakuta analala saa 11, siku moja 12. Mtoto wa mbwa wa umri ule anahitaji saa 18 hadi 20 kwa siku. Nikaangalia safu ya fujo: zile kubwa karibu zote zilitokea akiwa macho zaidi ya saa moja na nusu mfululizo. Mliolea watoto mnaijua ile hali, mtoto kachoka, badala ya kusinzia anapiga kelele na kurusha vitu. Ndiyo hiyohiyo.

Kwa hiyo nikageuza siku yake. Anaamka, moja kwa moja nje kujisaidia. Anafanya kazi ya pua (naieleza hapo chini), tunacheza kidogo, tunajifunza jambo moja kwa dakika 3 au 4, anatoka nje tena, analala. Jumla yake yupo macho kama saa moja. Analala kwenye kizimba chake chenye tandiko, nimekifunika nusu kwa shuka ili asione miguu ya watu ikipita, na hakuna ruhusa ya mtu kumgusa mpaka aamke mwenyewe. Siku mbili za kwanza alilia dakika kadhaa. Nilikaa pembeni, mkono wangu kwenye nyavu, bila kusema naye. Siku ya tatu aliingia mwenyewe.

Kuhusu kazi ya pua. Bakuli la chakula nimeliweka kabatini. Punje zake nazitandaza kwenye taulo kuukuu, nalikunja kama mkeka, namwekea. Mara ya kwanza alilipiga kwa mguu, likajikunja vizuri zaidi, akakaa chini akilitazama. Akasogeza pua pembeni, akapuliza kwa nguvu (unasikia kabisa ile "fff"), akasukuma. Punje moja ikatoka. Mkia ukaanza. Dakika 10 nzima hakugusa mguu wa mtu wala wa meza, na alipomaliza alipiga mwayo mrefu mpaka ulimi ukajikunja ncha. Kumkimbiza nusu saa hakujawahi kuniletea mwayo ule. Kunusa ni kazi ya akili kwa mbwa, pua yake ina vipokea harufu mamia ya mamilioni, na sisi tuna milioni chache tu. Sisi tunamwekea chakula kwenye bakuli, anakimaliza kwa dakika moja, halafu saa zote zilizobaki tunashangaa kwa nini anajitafutia kazi.

Akishaizoea taulo, naliwekea fundo. Siku nyingine ni boksi lililojaa karatasi zilizofinyangwa, punje ndani. Siku nyingine natawanya chakula kwenye majani uani, akitafute. Au nampa mtoto wangu mmoja ajifiche nyuma ya mlango aite jina lake mara moja tu. Mchezo huu wa kujificha umemfundisha kuja akiitwa kuliko chochote nilichojaribu.

Vitu vya kuchezea navyo, msimwage vyote sakafuni. Simba ana 9 lakini anaona 3 kwa siku. Vingine viko ndani ya mfuko, kila siku mbili nabadilisha. Kile kilichopotea siku nne kinapokelewa kama kipya.

Karibuni. Najua humu wapo wanaonizidi uzoefu.

#2 MamaMapacha

Kaka asante, umenigusa. Wangu ana miezi 4 na amekuwa mamba. Anang'ata mikono ya watoto, visigino, nguo. Wanangu wana miaka 6 na sasa wanapanda juu ya kochi akiingia sebuleni, mmoja ameanza kumwogopa kabisa na hilo linaniuma maana ndiye aliyemwomba. Je, ni ukali huu? Atakuja kuwa mbwa mkali?

#3 MzeeWaKamba

Mama, pole, na usiogope. Nimelea watoto wa mbwa wengi mpaka wakakua, nikujibu hili la meno.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, membamba kama sindano. Yanaanza kung'oka kwenye miezi 3 hadi 4, na kwenye miezi 6 au 7 anakuwa na meno 42 ya kudumu. Wako yuko katikati kabisa. Fizi zinawasha, zinauma, anatafuta cha kukandamiza. Siku moja utaona tone la damu kwenye kitu chake cha kuchezea au ukute jino dogo sakafuni kama punje ya mchele. Usishtuke. Mengi huyameza, hayamdhuru.

Chukua kitambaa kizito, kiloweshe, kikunje fundo, kigandishe kwenye friji. Mpe mbele ya macho yako, kikianza kutoka nyuzi mnyang'anye kwa kubadilishana na kitu kingine. Mpe pia vya mpira, vikubwa kuliko mdomo wake ili asimeze. Mimi nina kipimo changu: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Kama hakibonyei hata kidogo, ni kigumu mno, kitamvunja jino.

Na tafadhali msimpe kiatu kibovu atafune. Mbwa hajui kiatu kibovu na kizima. Anajua kiatu.

Sasa watoto. Kwa macho ya mbwa, mtoto anayekimbia huku anapiga kelele ni mchezo mtamu kuliko yote. Wafundishe kuwa mti: simama, mikono kifuani, tazama juu, kimya. Mti hauchezeki. Akitulia, mtu mzima ampe kitu cha kutafuna. Akikung'ata wewe, usivute mkono kwa kasi, anaufuata. Ulegeze, uuondoe polepole, ugeuke, toka nje ya chumba sekunde 20 au 30, urudi kama hakuna kilichotokea. Fanya vilevile kila mara. Wenzake wa tumbo moja walimfundisha hivyohivyo, ukiniuma mchezo unaisha. Ndiyo maana yule aliyetolewa kwa mama yake kabla ya wiki 8 mara nyingi anang'ata kwa nguvu zaidi, alikosa somo hilo.

Na hata akiwa mpole namna gani, asiachwe peke yake na mtoto mdogo.

#4 Chuma_cha_Pua

Mimi naomba nitofautiane na mwenye uzi. Mbwa ukimbembeleza anakupanda kichwani. Wangu akikojoa ndani namsogeza pua palepale, kofi moja, anajua. Na wanajua makosa yao, msiseme hawajui. Nikirudi nyumbani kaharibu kitu, hata sijafungua mdomo, masikio chini, macho pembeni, mkia kauficha. Hiyo ni hatia. Angekuwa hajui angeogopa nini?

#5 Mwenye uzi

Mkuu, nashukuru umesema wazi, maana wengi tunaamini hivyo na hata mimi niliamini.

Ule uso wa hatia umeshachunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lake. Mbwa anakatazwa kula kitu kitamu, mwenyewe anatoka chumbani, akirudi anaambiwa kama mbwa kala au hajala. Lakini mara nyingine aliambiwa uongo. Uso wa hatia haukufuata kosa, ulifuata kugombezwa. Na uliokuwa mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mbwa ambao hawakula kitu, wakagombezwa bure.

Kwa hiyo yule anayekupokea masikio chini anasoma uso wako, mabega yako, jinsi ulivyofungua mlango. Anajua kuwa ukiingia na kuna karatasi zimetapakaa sakafuni, mambo huwa mabaya. Hajui kwamba yeye kuzichana saa tatu zilizopita ndiko kulikoleta hayo. Na kofi la mkojo humfundisha kukojoa mahali usipomwona, nyuma ya kochi. Nilifika huko, mkuu. Ilinichukua wiki mbili Simba akubali kukojoa nje mbele yangu.

Sasa natoka naye kila anapoamka, anapomaliza kula, anapomaliza kucheza. Akikojoa nje nampa punje hapohapo, mguu haujarudi chini vizuri. Akikojoa ndani nafuta, basi. Ila msifute kwa dawa yenye amonia, inanukia kama mkojo, atarudi palepale.

#6 Chuma_cha_Pua

Nimekusoma. La kukojoa nyuma ya kochi ni kweli linanitokea. Nitajaribu.

#7 KaziniMchana

Nyie mnaokaa nyumbani mnaweza. Mimi natoka saa 1 asubuhi narudi saa 11 jioni, ninaishi peke yangu, mbwa ana miezi 3. Nikirudi ni kama wezi wameingia. Nimfunge kamba?

#8 MzeeWaKamba

Kamba hapana, kijana wangu. Atajinyonga akijizungusha, na akikosa kujinyonga atajifunza kuchukia kila kinachopita.

Kwa kukadiria tu, mtoto wa mbwa hubana mkojo saa zinazolingana na miezi yake, ongeza moja. Wako ni saa 4, na hapo amelala. Unamwacha saa 10. Huo ni mzigo asioweza kuubeba hata umlee vizuri namna gani. Tafuta mtu, jirani, ndugu, yeyote anayempenda, aje katikati ya mchana hata mara mbili, amtoe, acheze naye kidogo. Hili halina njia ya mkato.

Muda uliobaki mtengee sehemu moja: kona ya chumba yenye uzio, sakafu inayofutika, maji, tandiko, vitu viwili vya kutafuna ulivyovijaribu ukiwepo. Kilichopo mbele ya mdomo wake kitatafunwa, kwa hiyo wewe ndiye unayechagua kiwe nini.

Na umzoeze kuachwa. Chukua funguo, toka, hesabu hadi 10, rudi, usimshangilie. Kesho dakika moja. Halafu tano. Ukiona anadondosha mate, anakwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu, analia bila kukoma tangu unapotoka, hiyo ni hofu ya kuachwa, na hapo ongea na daktari wa mifugo mapema.

#9 BintiKliniki

Habari zenu. Nafanya kazi kwenye kliniki ya mifugo, kusafisha na kumsaidia daktari. Uzi mzuri sana lakini naomba niongeze kitu ambacho mimi nakiona kila wiki: kwa mtoto wa mbwa, fujo ni njia ya kumeza.

Mwezi huu tulipokea mmoja, anatapika siku ya pili, tumbo gumu, hataki kuguswa. Daktari akampasua, akatoa soksi ya mtoto. Ilikuwa bado na ua dogo la kushonwa. Mwenye mbwa alisimama akaishika ile soksi akalia, alikuwa ameitafuta kwenye nguo za kufua siku mbili. Mbwa alipona. Mwingine hakupona, alimeza uzi wenye sindano.

Pigeni magoti. Simaanishi kusali, namaanisha tembeeni nyumba nzima kwa magoti, macho yawe kwenye kimo chake. Mtaona nyaya nyuma ya televisheni, betri ndogo za duara zilizotoka kwenye rimoti, sumu ya panya chini ya kabati, mkoba wa mgeni wenye dawa. Dawa za maumivu za binadamu, ibuprofeni na parasetamoli, zinaua mbwa. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya aina zote, na bigijii zisizo na sukari zilizotiwa zailitoli (kitia utamu kinachowekwa badala ya sukari), vyote viwe juu. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, msiwape.

Mambo matatu yakitokea. Akitafuna waya wenye umeme, usimguse kabla ya kuzima swichi kuu. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, unaweza kuchana utumbo. Akimeza sumu au dawa, usimtapishe kwa akili yako, mpigie daktari ukiwa na pakiti mkononi, maana vitu vingine vinaunguza vikirudi.

Halafu jambo moja la usingizi, maana mwenye uzi ameanza nalo. Kuna watoto wa mbwa hawalali kwa sababu wanajikuna usiku kucha. Kagua viroboto kiunoni na chini ya mkia, na hakikisha amepewa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Mbwa anayewashwa hatulizwi na taulo.

#10 MpendaBustani

Wangu hachezi na ndani, yeye ni mashimo. Maua yangu yote kayafukua. Ni wa jamii ya teria.

#11 Mwenye uzi

Dada, jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini la ardhi, terra. Walizalishwa wafuate wanyama mashimoni. Kumkataza kabisa kuchimba ni kazi ngumu kwenu wote wawili. Mpe shimo lake: boksi pana au kona ya ua yenye mchanga laini, mfukie kitu cha kuchezea nusu kikionekana, mshangilie akikitoa. Kesho kifukie zaidi. Akienda kwenye maua, usimkemee, mwite aje kwenye mchanga wake mkachimbe wote. Zungushia maua uzio mdogo kwa wiki hizo chache. Na wale wa kuchunga mifugo, kama Border Collie, wakikukimbilia visigino mjue nao wanatafuta kundi la kuliongoza. Wape mpira wa kuusukuma.

#12 KaziniMchana

Swali jingine. Hajamaliza chanjo, nimeambiwa asitoke. Sasa nitamzoezaje dunia?

#13 BintiKliniki

Umeambiwa sawa, parvo (ugonjwa wa virusi wa mbwa, wa kutapika na kuharisha) inakaa kwenye udongo miezi mingi na inaua haraka. Chanjo za watoto humalizika kwenye wiki 16 hivi, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanzia wiki 12. Ila wiki zilezile, kuanzia ya 3 hadi ya 14 hivi, ndizo anazojifunza kipi cha kawaida na kipi cha kutisha. Huwezi kuzisubiri zipite.

Mbebe. Kaa naye mapajani mahali pa kuona watu, baiskeli, pikipiki, mtu mwenye kofia, mtu mwenye mwavuli. Asiguse chini. Nyumbani mfungulie mwavuli mbali kidogo, angusha kijiko, mtembeze juu ya plastiki inayolia, juu ya bati, juu ya mto. Kila jipya na punje moja. Akirudi nyuma, usimvute, msogeze mbali mpaka ajisikie salama. Dakika 10 za hivyo atalala kama jiwe.

#14 MamaMapacha

Narudi na majibu. Siku ya 6 leo tangu nianze daftari.

Siku ya kwanza alilala saa 12, kama Simba. Sikuamini. Tukatenga kona, nikawaambia watoto kona ile ni chumba chake, hakuna kuingia. Wenyewe wakachora karatasi ya mbwa aliyelala wakaibandika ukutani. Jana nilihesabu saa 17.

Kung'ata bado kupo, nisiwadanganye, hasa jioni. Lakini jana yule binti yangu aliyekuwa anamwogopa alishuka kwenye kochi akasimama kuwa mti. Mbwa akamjia mbio, akaruka, akashika pindo la gauni. Binti hakusogea, macho yamefumbwa, midomo inatetemeka. Mbwa akaliacha pindo. Akamnusa vidole vya mguu kimoja kimoja, akakaa chini mbele yake. Nikampa binti kitambaa cha barafu ampe yeye mwenyewe. Wakakaa wote sakafuni, mmoja anatafuna, mwingine amemshikia upande mmoja wa kitambaa, mpaka mbwa akasinzia.

Naona anajinyoosha sasa hivi, ngoja nimtoe nje haraka.